Nairobi hadi New York: Kilomita ni zilezile, saa hazilingani

Ndege ya Kenya Airways ilipoondoka Nairobi usiku wa Oktoba 28, 2018 kuelekea New York bila kutua popote njiani, kilichosherehekewa zaidi ni saa. Awali msafiri alilazimika kupitia Amsterdam, London au Dubai, na akijumlisha muda wa kungoja huko, safari ilimmezea siku nzima. Njia mpya ilitangazwa kuwa ya saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Umbali ni takriban kilomita 11,800 kwa vyovyote vile. Tofauti hiyo ya saa moja inaletwa na upepo wa anga za juu, ambao huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Amerika hukumbana na kile ambacho mabaharia wa Pwani hukiita upepo wa mbisho; anayerejea husukumwa nao.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa kiko nyumbani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mabawa hayapati nguvu ya kutosha kuinua uzito mkubwa. Nayo ndege hii, aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234, ilielezwa kuhitaji takriban tani 85 za mafuta kwa kila upande. Mafuta yakizidi, sharti abiria au shehena zipungue. Ndiyo maana kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi na nzito kidogo, kuna manufaa yake.

Jirani Ethiopia analijua tatizo hili vyema. Addis Ababa iko juu zaidi, takriban mita 2,300, na kwa miaka mingi ndege zake za kwenda Washington zimekuwa zikitua Dublin au Lomé kuongeza mafuta, ilhali zikirudi huja moja kwa moja.

Swali basi ni nani anayelipia saa alizookoa abiria. Safari moja ya kwenda na kurudi New York huishikilia ndege kwa takriban saa 29 angani. Kwa saa hizo, ndege hiyohiyo ingeenda London na kurudi, kisha Lagos na kurudi. Kwa shirika lenye ndege tisa tu za aina hiyo, ambalo mwaka 2025 baadhi yazo zilikwama chini kwa kukosa vipuri vya injini, huo si uamuzi mdogo.

Wakenya wa ughaibuni wana kila sababu ya kuipenda njia hii, hasa wenye wazee au watoto wachanga wasioweza kuhangaishwa katika viwanja vya kigeni. Lakini serikali inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways, na mlipa ushuru asiyewahi kupanda ndege anastahili kuonyeshwa hesabu za New York peke yake, zikitengwa na zile za Kisumu na Mombasa.