Mpaka wa Skuli Uchorwe kwa Insafu

Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia, wazee wa vitongoji vya Mji wa Zanzibar, tangu Fuoni na Tomondo hadi Mtoni na Bububu, hutoka kwenda kwa sheha na kwa mwalimu mkuu wakiwa wameshika cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na linalowahangaisha si kama mtoto atasoma, maana haki hiyo ilikwisha kuthibitishwa zamani, bali ni skuli gani atakayoipata, darasani atakaa na wenziwe wangapi, na njia ya kumfikisha huko ina hatari gani. Masuala hayo matatu, ijapokuwa aghalabu husemwa kila moja peke yake, asili yake ni moja, nayo ni kwamba hatujakaa kitako, sisi raia na serikali yetu, tukaamua kwa uwazi ni mtoto wa shehia ipi anayestahiki kusoma skuli ipi, na kwa hoja gani.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na tangu siku hiyo mlango wa skuli, ambao kwa wengi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mali au asili ya mtu, ukawa wazi kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi sawasawa na mtoto wa tajiri. Wingi wa wanafunzi uliofuatia ni neema, wala asitokee mtu akauita balaa. Lakini kila neema ina haki yake, na haki ya neema hii ni kuandaliwa nafasi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678, na sensa ya mwaka 2022 ikaukuta una watu 893,169, yaani katika miaka kumi waliongezeka watu wanaokaribia laki tatu, na takriban nusu ya watu wote wa Zanzibar sasa wanaishi katika mkoa huo mmoja. Ongezeko hilo halikuangukia Mji Mkongwe wala Ng'ambo ya zamani, ambako nyumba zimejaa siku nyingi, bali limekwenda wilaya za Magharibi "A" na Magharibi "B", katika mashamba ya minazi na ya mihogo yaliyokatwa viwanja na kujengwa nyumba kwa kasi ambayo mipango haikuiwahi, hata mahali pengi watu walipokuja kutanabahi kwamba watoto wamekuwa wengi, hapakuwa tena na kipande cha ardhi kilichobaki kwa ajili ya skuli.

Dawa tuliyoitumia kwa miaka mingi ni mikondo miwili, kundi moja likasoma asubuhi na jingine likaingia mchana katika vyumba vilevile. Dawa hiyo ilituokoa na aibu ya kuwarudisha watoto majumbani, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini dhiki yake anaijua mzazi mwenye watoto wawili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana, ambaye siku nzima nyumba yake haina wakati wa kutulia, na anaijua mwalimu anayepokea wanafunzi saa saba za mchana, jua likiwa limekwisha kuwachosha njiani kabla ya somo la kwanza. Na iko adha nyingine ambayo katika visiwa vyetu haiwezi kudharauliwa, nayo ni ya chuoni, kwa kuwa mtoto wetu ana masomo ya aina mbili, ya skuli na ya Qur'ani, na saa za chuo hulazimika kufuata mkondo, hata ikawa mtoto anapohamishwa kutoka asubuhi kwenda mchana, au kinyume chake, hubadilisha na chuo, na pengine humpoteza mwalimu aliyekwisha kumzoea. Kwa hivyo serikali ilipoazimia kujenga skuli za ghorofa na kuuondoa mkondo wa pili, ilifanya jambo jema ambalo wazee walilitamani kwa muda mrefu, na mwenye insafu hana budi kulikiri.

Hata hivyo, kuondoa mkondo kuna hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayotuleta kwenye suala la mipaka. Chukua mathalan skuli yenye vyumba kumi na viwili, kila chumba kikikaa wanafunzi arubaini na watano: kwa mikondo miwili skuli hiyo inasomesha wanafunzi 1,080, na siku mkondo wa mchana utakapofutwa inabakiwa na nafasi 540 tu, na nusu ya pili ya watoto haina budi kwenda kwengine. Ghorofa mpya inaweza kuwapokea, lakini ghorofa haikujengwa uani kwa kila mtu. Imejengwa palipopatikana ardhi, na kati yake na majumba ya watoto hao huenda pana barabara kuu, au bonde, au shehia mbili nzima. Hapo ndipo inapopasa kuulizwa: katika watoto 1,080, ni yupi atakayebakia na ni yupi atakayehamishwa, na nani amekaa akalipima jambo hilo?

Kwa sasa jawabu aghalabu hufuata mpaka wa shehia, na mpaka wa shehia uliwekwa kwa maslaha ya utawala, si kwa miguu ya mtoto wa miaka sita. Wenyeji wa Fuoni hawajasahau jinsi njia ya Mwanakwerekwe na ya Kibondemzungu, kabla ya kutengenezwa, ilivyokuwa ikizama wakati wa masika, na skuli ambayo kwenye ramani ilionekana iko karibu ikawa haifikiki kwa siku kadhaa; na hata pale palipotengenezwa njia, magari yanayokwenda mbio ni hatari inayodumu mwaka mzima. Mtoto anayepangiwa skuli ya mbali hutegemea daladala, na kila mtu amewaona wanafunzi wakisimama kituoni kwa muda mrefu huku utingo akiwapita kwa sababu nauli yao ni pungufu, kisha wakafika wamechelewa na wakaadhibiwa kwa kosa lisilokuwa lao.

Jambo la pili ni la barua. Ili mtoto aandikishwe huhitajika barua ya sheha kuthibitisha anakoishi, na kwa kuwa baadhi ya skuli zina sifa ya kufaulisha na nyengine hazina, wako wazee wanaomwandikisha mtoto kwa jina la mtaa wa shangazi au wa rafiki, ilhali analala kwengine. Mimi siwalaumu wazee hao, kwani mzazi anayemtafutia mtoto wake kheri hatendi dhambi. Nalaumu mpango unaomfanya mkweli awe ndiye mwenye kukosa, maana nafasi inayochukuliwa kwa kujuana ni nafasi aliyonyimwa mtoto wa jirani ambaye mamake hana shangazi mjini wala hamjui mtu yeyote afisini. Elimu iliyotolewa bure mwaka 1964 ili nasaba isiwe kigezo haiwezi kurudishiwa nasaba kwa mlango wa nyuma.

Wapo watakaosema kwamba mzazi aachiwe uhuru wa kuchagua, na kwamba mpaka ni kifungo. Hoja yao ina uzito, lakini uhuru wa kuchagua, pale ambapo nafasi ni chache na nauli ni ya kulipa, huwa ni uhuru wa wachache. Na skuli za vitongojini zitaendelea kudhoofika maadamu kila mwenye uwezo wa kuzitetea amempeleka mtoto wake mbali nazo. Mzazi hukubali skuli ya karibu anapoiona ina walimu wa kutosha, vyoo safi na madawati, na kwa sababu hiyo mpaka bila ya usawa wa skuli zenyewe utakuwa ni dhulma iliyopewa jina la utaratibu.

Basi ninayoiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pamoja na mabaraza ya manispaa, ni mambo yanayowezekana. Kwanza, watoto wahesabiwe shehia kwa shehia kabla hawajafikia umri wa kuanza skuli, kwani masheha wanajua nani amezaliwa na nani amehamia, na mtoto wa darasa la kwanza hatokei ghafla. Pili, mpaka upimwe kwa njia anayopita mtoto kwa miguu, barabara kuu na mabonde yakitiwa katika hesabu. Tatu, rasimu ya mipaka ibandikwe skulini na kwa sheha miezi kabla ya kuandikisha, na kamati za skuli ziitishe mikutano, kwa sababu penye wengi hapaharibiki neno, na mama anayempeleka mtoto kila siku anaijua njia kuliko ramani. Nne, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na mwanafunzi anayekaribia mtihani asihamishwe. Tano, skuli inayopokea wanafunzi wapya ipewe walimu kabla ya wanafunzi kufika. Sita, popote panapokatwa viwanja vipya, ardhi ya skuli itengwe mwanzo, wala isiuzwe hata ikitokea bei ya kushawishi.

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kupandisha ghorofa. Linalobakia ni kuonyesha kwamba inaweza kuzigawa nafasi za ghorofa hizo mbele ya macho ya watu, kwa kanuni iliyoandikwa na inayomfunga mkubwa kama inavyomfunga mdogo. Mzazi aliyeambiwa mapema, akasikilizwa, na akaeleweshwa sababu, atastahamili hata uamuzi usiompendeza. Lakini aliyekuta jina la mtoto wake limehamishwa kwenye orodha asijue kwa nini, huyo hatuna haki ya kumwomba subira.