ARDHI YA LIPARAMBA HAINGOJI MFADHILI

Wako wenzetu maofisini ambao, wakiulizwa kwa nini kijiji fulani hakijapata hati ya ardhi yake, hujibu kwa neno moja: mradi. Mradi haujafika. Mfadhili hajaja. Wakishasema hivyo huona wamejibu, na faili hurudi kabatini. Jibu hilo ni kasumba, na kasumba hiyo inawagharimu wananchi wa vijiji vya mbali, kama wale wa Liparamba katika Wilaya ya Nyasa, kuliko inavyomgharimu ofisa mwenye kulitoa.

Liparamba iko mpakani na Msumbiji, chini ya milima ya Umatengo. Ilikuwa sehemu ya Mbinga mpaka Nyasa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Pori la Akiba la Liparamba, lenye kiasi cha kilomita za mraba 570, lilitangazwa mwaka 2000. Hapana mzalendo awezaye kupinga kuhifadhiwa kwa wanyama wetu. Lakini kijiji kinachopakana na pori la akiba kina haja kubwa kuliko kingine chochote ya kujua mpaka wake uko mto gani na mlima gani. Mpaka wa pori unalindwa na askari wenye sare na silaha. Mpaka wa kijiji unalindwa na karatasi, na karatasi hiyo ni kazi ya mtumishi wa umma.

Sasa tutazame misaada ya dunia inavyogawanywa. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopiga kura ya kuliunga mkono. Lakini msimamo wetu umekuwa kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji wa asili. Msimamo huo una msingi wake, kwani hatukupigania Uhuru ili tuje kupangana kwa makabila. Wafadhili wa nje, hata hivyo, wana hesabu nyingine. Neno lao la watu wa asili huwaendea wafugaji na wawindaji, na ndiyo sababu mashirika mengi ya namna hiyo yako Arusha na kando kando yake. Mkulima wa jembe la mkono wa Liparamba hayumo katika orodha hiyo.

Simwonei mtu wivu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja kwa msaada wa shirika la UCRT, na kazi ile ilistahili sifa zote ilizopata. Lakini shirika lile halikutunga sheria mpya. Lilitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika Mei 2001 na ambayo ni ya kila kijiji cha Tanzania Bara. Lililofanya ni kuichukua sheria kutoka rafuni na kuipeleka kwa wenyewe. Kwani ofisa wa ardhi anayelipwa mshahara na umma kila mwezi amezuiwa na nani kufanya hivyo?

Atasema hakuna fedha. Kweli, kupima mipaka kunataka fedha, magari na wataalamu. Hata mpango mkubwa wa hati katika Kilombero, Ulanga na Malinyi uliendeshwa kwa fedha za Uingereza, Sweden na Denmark. Lakini kuitisha mkutano mkuu wa kijiji kunataka fedha gani? Kuwaeleza wananchi kwamba halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu wa ardhi, wala si mwenye mali, kunataka dola ngapi? Sheria inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Je, ofisa anayo majina yao, au anangoja mfadhili aje kuyaandika?

Ubaya wa kumngoja mgeni ni kwamba tunasahau tulicho nacho. Katika milima ya Umatengo watu walilima ngoro kabla Mwingereza hajafika. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba juu ya mteremko. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, na mashimo yanayobaki hushika maji ya mvua yasichukue rutuba. Hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mwaka 1938 Mwingereza aitwaye Pike aliandika habari za kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, mpaka wakafanya ghasia mwaka 1955. Mkoloni aliyajua maarifa ya Waafrika, akayaandika, kisha akaendelea kuamini kwamba Mwafrika hajui kulima.

Chuo Kikuu cha Sokoine kilionyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 1999, kwa kushirikiana na Wajapani, kilianza kazi Umatengo kwa kuwauliza wanakijiji wanalima namna gani na wanagawanaje ntambo, yaani ule mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili ambao ndio ardhi ya ukoo. Ulikuwa ni mradi, sikatai. Lakini kumwuliza mzee mpaka wa ntambo yake hakuhitaji tiketi ya ndege kutoka Kyoto. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakaandike majina ya vijito na migongo hiyo. Daftari hilo litakuwa ushahidi siku mpaka utakapobishaniwa.

Na hapa wanaume wenzangu wasikasirike. Mila ya kumpa ntambo mtoto wa kiume peke yake haipatani na kazi ya ngoro, ambayo nusu yake, na pengine nusu iliyo nzito, ni ya mwanamke. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Ofisa anayejaza hati ya kimila kwa jina la mume tu, huku mke amesimama mlangoni na udongo miguuni, hakutetea utamaduni wowote. Amevunja sheria.

Basi maofisa wa ardhi wa Nyasa na Mbinga wabandike ubaoni, katika kila ofisi ya kata, majina ya vijiji vyenye cheti cha ardhi ya kijiji na vile visivyo nacho, pamoja na tarehe ya mkutano mkuu wa mwisho uliojadili mipaka. Liparamba na majirani wa pori watangulie. Wananchi wataisoma orodha hiyo wenyewe.