Taa ya Usiku na Vipandikizi vya Maua



Katika miteremko ya Mlima Meru, na mahali pengine penye ubaridi wa kiasi, wako wakulima wenye kitalu nyumba kimoja tu cha nailoni walioanza kuotesha krisanthemumu, si kwa kuuza maua peke yake, bali hata kuwauzia jirani zao vipandikizi. Wengi wao huniuliza habari za taa. Huyu asema taa ni jua la pili, nayo huharakisha mizizi. Yule asema taa ni anasa ya makampuni makubwa, haimhusu mtu mwenye robo eka. Wote wawili wamekosea, na kosa lao laweza kumponza hata mtu wa tatu, yaani yule atakayenunua kwao. Basi nitasema maoni yangu waziwazi: mtu asiyejua ni siku ngapi taa zake hazikuwaka, asiuze vipandikizi vya ua hili.

Yafaa kwanza tujue taa yafanya kazi gani. Krisanthemumu ni jamaa ya pareto tunayoifahamu, lakini tabia zao hazifanani. Pareto hutaka baridi ndipo ichanue. Krisanthemumu hupima usiku. Usiku ukiwa mfupi, hutoa majani na matawi. Usiku ukizidi kiasi cha saa 10 hivi, huacha kurefuka na kuanza kutia vitumba vya maua. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walitangaza habari za tumbaku iliyokataa kuchanua majira ya joto, mpaka walipoitia katika kibanda chenye giza kila alasiri, nayo ikachanua. Hata mwaka 1938 wenzao wawili, K. C. Hamner na James Bonner, wakaonyesha kwamba kipimwacho hasa ni urefu wa giza. Usiku mrefu ukikatwa katikati kwa mwanga, mmea huona kana kwamba umepita usiku mfupi.

Sasa tazama nchi yetu. Karibu na Ikweta usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, nao huzidi au kupungua kwa dakika chache tu. Kwa hiyo krisanthemumu isiyowashiwa taa hutaka kuchanua kila siku, hata ikiwa ingali kimo cha shubiri. Kwa mwenye kutaka maua hiyo ni baraka, maana mkulima wa Ulaya wakati wa kiangazi hulazimika kufunika mimea yake kwa vitambaa vyeusi ili apate giza ambalo sisi twapewa bure. Lakini kwa mwenye kutaka vipandikizi ni hasara, kwa kuwa kipandikizi chema hukatwa katika chipukizi la majani lisilo na kitumba. Mimea mama isipowashiwa taa haina cha kumpa mwenyewe.

Taa ni za nini basi? Ni za kuukata usiku. Huwashwa saa nne usiku na kuzimwa saa nane, kila siku bila kuruka, juu ya mimea mama, na juu ya vipandikizi wakati vinapotia mizizi, na tena majuma mawili au matatu baada ya kupandwa, mpaka shina lipate urefu. Kisha huzimwa, na usiku wetu humaliza kazi. Mwanga wenyewe hauhitaji kuwa mkali. Ukiweza kusoma barua bila kukaza macho pale yalipo majani, watosha. Lakini usome katika pembe za kitalu, si katikati chini ya taa, maana pembeni ndipo wengi hudanganyika. (Watu wameniuliza kama mbalamwezi yafaa. Haifai, hata ya mwezi mpevu. Ni hafifu mno.)

Kwa habari ya gharama, hofu ya zamani imepungua. Taa 10 za kale za wati 100, zikiwaka saa 4, hutumia yuniti 4 za umeme kila usiku. Taa 10 za LED za wati 10 hazifiki nusu yuniti, tena zile zenye kutoa mwanga mwekundu zafaa sana, kwa kuwa huo ndio mwanga ambao mmea husikia upesi usiku. Wengine huziwasha dakika 10 katika kila dakika 30 ndani ya saa zile nne, na mimea huridhika.

Mizizi ni habari nyingine, nayo haitoki katika taa. Hutoka katika kipandikizi kibichi cha sentimita 5 hadi 7, kilichovunjwa kwa mkono safi, kikatiwa unyevu, kivuli na joto la wastani. Baada ya siku 10 hadi 14 utaona nyuzi nyeupe. Nasema kuvunja kwa mkono kwa kusudi, maana kisu kichafu huchukua ugonjwa wa kudumaza kutoka mmea hadi mmea. Mmea mama uliozeeka nao ung'olewe, kwa sababu hutia vitumba hata chini ya taa.

Sasa nitaeleza lililonifanya niandike. Mkulima mmoja, mtu mwangalifu sana, alikuwa na taa zilizotegemea betri ya nguvu za jua. Msimu wa mawingu betri ikalegea, na kwa siku tisa mfululizo taa hazikuwaka. Alikuja kuniuliza. Nikaenda nikaitazama mimea mama: majani ya kijani, machipukizi manene, wala kitumba hakikuonekana. Nikamwambia, “Hapana neno, kata tu.” Akakata, akawauzia jirani watatu. Walipopanda, mimea ikasimama kimo cha mkono, ikatoa ua moja dogo juu ya shina jembamba, nalo halikununuliwa na mtu. Kitumba kilikuwa kimekwisha kuanza ndani ya ncha ya chipukizi kabla ya kisu kufika. Jicho la mtu haliwezi kukiona. Jirani wale walimlaumu yeye, kumbe mwenye lawama nilikuwa mimi.

Kwa sababu hiyo nashauri kila mwenye kuuza vipandikizi awe na daftari la taa, jambo lisilozidi bei ya daftari la mtoto wa shule. Aandike kila asubuhi: zimewaka, hazikuwaka. Asitegemee swichi ya saa peke yake, maana umeme ukikatika nayo hupotea. Na mnunuzi asione haya kuomba kuliona daftari, kama vile anunuaye ng'ombe asivyoona haya kumfungua kinywa. Najua nitajibiwa kwamba muuzaji akisema kweli atapoteza wateja. Huenda akapoteza wa mwezi mmoja. Lakini jirani watatu niliowataja hawajanunua tena kwake hata leo, na njia ya kwao hupita mlangoni pake.

Usinunue taa kwa kila ua. Waridi halijali urefu wa usiku, na vipandikizi vyake havihitaji kazi hii. Jipsofila, lile ua jeupe dogodogo kama povu, ni kinyume kabisa: taa ya usiku hulihimiza kuchanua. Tena aina nyingi mpya za maua zina wenyewe kwa sheria. Kenya iliingia katika umoja wa mataifa yalindayo aina mpya za mimea mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Uliza kabla hujaanza kuzalisha za kuuza.

Yule mkulima ameendelea na kazi. Mvua zilizopita alinionyesha daftari lake, na katika ukurasa mmoja siku nne zimeandikwa kwa wino mwekundu. Nikamwuliza alifanya nini. Akasema vipandikizi vya juma lile alivitupa katika shimo la mboji, akaikata mimea mama chini, akatengeneza betri, na sasa angoja machipukizi mapya.