Masikio ya dereva hayana spea

Makala iliyodai kwamba kuziba kelele ndani ya Land Rover 110 ni mbwembwe za wenye fedha imepotoka. Ukomo wa kelele unaotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu.

Hofu kwamba kuziba kelele huleta kutu ina msingi, lakini mkosaji ni sponji ya godoro inayofyonza maji chini ya zulia. Fundi makini, awe Temeke au Kinondoni, hung'oa viti, husugua kutu, hupaka rangi, ndipo abandike vipande vya mpira wa butili na kuvikandamiza kwa rola. Matundu ya kutolea maji milangoni huyaacha wazi.

Wenye magari, walindeni madereva wenu.