MBASA NAYE NI MALI YA TAIFA

Septemba 1961 huko Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba tutawalinda wanyama wa porini kwa ajili ya wajukuu wetu. Wengi hudhani ahadi ile ni ya tembo na simba tu. Je, sisi wa Kyela hatuna wetu?

Tunaye mbasa. Mvua zinyeshapo huliacha Ziwa Nyasa, akapanda mito kama Kiwira na Lufilyo kwenda kutaga mayai. Hapo ndipo baadhi yetu humzibia njia kwa nyavu, na watoto wake tukawakomba kwa vyandarua. Huko ni kula mbegu kabla ya kupanda!

Nyavu hizo hazikutegwa na mkoloni. Tumezitega wenyewe, tuzitegue wenyewe, mbasa apite.

Uhuru na Kazi!