Zawadi ya mwanariadha ni ujira, si hidaya

Kila mara Mkenya anapotangulia kufika utepeni huko Boston au New York, magazeti yetu hutangaza kwamba ametia kibindoni mamilioni ya shilingi. Jamaa huanza kupiga hesabu, na kijijini harambee hupangwa kabla shujaa mwenyewe hajapanda ndege ya kurudi. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mhasibu. Hata hivyo, naamini kwamba sehemu kubwa ya mashaka ya kifedha yanayowakumba wanariadha wetu huanzia katika maneno.

Tulitazame neno "zawadi". Katika mazungumzo ya kila siku, zawadi ni hidaya: hutolewa kwa hiari, wala haina deni. Ndiyo maana kijana aliyeshinda hushangaa anapodaiwa ushuru juu yake. Kisheria, fedha hizo ni mapato ya kazi, kama ulivyo mshahara wa mwalimu. Mshindi wa New York Marathon anayetuzwa dola 100,000 hazioni zote. Kwa kawaida, Serikali ya Marekani humkata mgeni asilimia 30, yaani dola 30,000. Wakala wake akichukua asilimia 15, kama ilivyo desturi, dola nyingine 15,000 zimekwenda. Zinabaki 55,000, na mkufunzi bado hajalipwa.

Neno "kodi" nalo lina mtego wake. Mwanariadha wa Iten au Kapsabet apatapo fedha hujenga nyumba za kupangisha mjini Eldoret. Mpangaji humlipa kodi, naye hutakiwa kuilipa Serikali kodi juu ya kodi hiyo. Kiwango kwa nyumba za makazi kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Neno ni moja, lakini fedha moja inaingia mfukoni na nyingine inatoka. Asiyezitenganisha hula asichokuwa nacho.

Mwanzoni mwa 2014, wanariadha walizozana hadharani na Mamlaka ya Ushuru, wakilalamika kwamba walikuwa wamekwisha kukatwa ugenini. Kilio chao kilikuwa na uzito, kwa sababu Kenya ina mikataba ya kuzuia ushuru maradufu na nchi kama Uingereza na Ujerumani, lakini si na Marekani. Lakini kilio bila hati hakimsaidii mtu. Asiyehifadhi cheti cha makato aliyopata ng'ambo atathibitishaje kwamba alikatwa?

Wapo watakaosema kwamba tajiri na aajiri wakili na mhasibu. Ni kweli, na afanye hivyo. Lakini atamkaguaje mtu ambaye hesabu zake hawezi kuzisoma? Mikataba ya mawakala na ya kampuni za viatu huandikwa kwa Kiingereza cha mahakama, kinachowatatiza hata wahitimu wa chuo kikuu. Mtu hutia sahihi kwa kumwamini mwenzake, wala si kwa kuelewa.

Nao umri wa mbio ni mfupi. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978, katika muda usiotimia miezi mitatu. Baadaye alionja ufukara Marekani, akafikia kubeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege. Enzi yake haikuwa na fedha nyingi kama hii yetu. Kwa hiyo anayepata nyingi leo akizipoteza, kisingizio chake ni kidogo zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, Chama cha Riadha kisiuidhinishe mkataba wowote ambao mwanariadha hakupewa nakala yake kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya 2010 iliifanya rasmi. Pili, walimu wenzangu, hasa katika shule zinazokuza wakimbiaji, tuufanye mkataba na hati ya mapato kuwa matini ya ufahamu darasani. Mwanafunzi anayejua kutofautisha fedha kabla ya makato na fedha baada ya makato, na anayejua kwamba taarifa ya ushuru hupelekwa kabla ya Juni 30 kupita, amepata silaha itakayomfaa hata miguu ikichoka.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Miguu tumewafunza vijana wetu kuitumia; sasa tuwafunze daftari.