Umeme haujui Utanzania

Ndugu zangu, nimetoka zamu ya usiku, mnisamehe ukali.

Mwenye nyumba wangu hapa England ni Mtanzania mwenzetu. Fundi umeme kakagua, kaandika "hairidhishi" kwa kosa la C2: bomba la gesi halijaunganishwa na waya wa ardhini. Nilikuwepo, alinionyesha. Jamaa kakataa kumlipa, eti fundi mwizi anatafuta kazi ya ziada! Sasa anasaka mwingine wa kumwandikia karatasi safi.

Haya, mafundi wanaotia chumvi wapo, sibishi. Basi lete mkaguzi wa pili aliyesomea. C3 ni ushauri tu, haikuangushi. C2 inakuangusha, maana ni hatari inayosubiri siku yake. Na kanuni za mwaka 2020 ziko wazi: ukaguzi angalau kila miaka 5, mpangaji apewe ripoti ndani ya siku 28, marekebisho siku 28, au mapema zaidi ripoti ikitaka.

Sasa wakubwa zetu wananipigia simu: "Dada, usimpeleke mwenzetu halmashauri." Hivi alipopandisha kodi, mlimpigia yeye? Mimi ni muuguzi jamani. Aliyepigwa na umeme anaweza kuja na kidonda kidogo tu kidoleni, na bado tukakesha naye kwenye mashine tukichunga mapigo ya moyo.

Siku 28 zinaisha Ijumaa. Jumatatu asubuhi nitakuwa halmashauri, na atakayenuna anune.